Nataka kumuunga mkono mgombea wa wapinzani, na daftari la chama liko kabatini kwangu

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa mwanachama tangu nikiwa na miaka 19, na mwaka huu natimiza miaka 11 nikiwa mhazini wa tawi letu. Baba yangu ni mmoja wa watu waliolifungua tawi hilo. Kadi yake ya kwanza ameitia kwenye fremu, iko ukutani juu ya kiti anachokalia kusikiliza redio. Nakueleza haya ili ujue kwamba sizungumzii chama kama abiria anavyozungumzia basi.

Mwaka huu kura yangu ya urais nitampa mgombea wa chama pinzani. Hilo nimeshaamua, na sababu ni moja. Miezi mitatu iliyopita mgombea wetu alikutana na viongozi wa matawi ukumbini. Mwenzetu mmoja akamuuliza tutafanya nini tukishindwa. Akacheka, akasema kushindwa hakumo kwenye ratiba, na matokeo yakija vingine vijana wetu wanajua pa kuanzia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga, Mjomba, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga. Nilipofika nyumbani sikupata usingizi. Yule wa upande wa pili nimezunguka nyumba kwa nyumba nikimpinga katika chaguzi mbili. Uchaguzi uliopita alishindwa kwa kura chache, akasimama usiku uleule akawaambia watu wake waende wakalale.

Sitaki kuhama. Sera za chama chetu ndizo zangu, na wagombea wetu wengine wote nitawapigia kura. Ni huyu mmoja tu ambaye siwezi. Na naona nikinyamaza, ile siku ya makofi itanifuata.

Sasa watu wa kampeni ya upande wa pili wamepata habari, sijui kwa nani. Wamenijia mara mbili. Wanataka nipande jukwaani siku yao ya kufunga kampeni, nivue fulana yetu nivae yao, nikabidhi kadi mbele ya kamera. Walipokuwa wanaondoka wakasema, "Hatutakusahau." Fedha hawakutaja, nami sikuuliza.

Mume wangu anasema nipige kura yangu nirudi nyumbani, sanduku halina mdomo. Binti yangu, ambaye mwaka huu anapiga kura kwa mara ya kwanza, anasema ukimya wangu ni uongo. Nimeandika ujumbe mrefu wa kuweka kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Uko kwenye simu, sijautuma, kila usiku naongeza mstari. Najua wapo watakaosema ninalipiza kisasi, kwa kuwa miaka miwili iliyopita nilishindwa kwenye mchujo wa udiwani na aliyenishinda ni mtu wa karibu wa mgombea wetu. Lakini hilo lilishapita.

Je, huu ni usaliti? Naweza kusema hadharani na bado nikabaki mwanachama? Na baba nitamwambiaje?

Mhazini Asiyelala

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Ujumbe ule usiutume. Ukiona maandishi yanaongezeka mstari kila usiku, jua ni hasira inayotafuta hoja. Uache hapo kwenye simu, tutaurudia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna kitu kimoja kikubwa ambacho hukukigusa: daftari. Wewe ni mhazini, na huu ni msimu wa kampeni. Maana yake wiki hii unapokea michango ya watu wanaojinyima ili mgombea wenu ashinde. Unawaandikia stakabadhi, unawashukuru, unawaambia tuko pamoja. Mumeo na binti yako wanabishana kuhusu kura yako, na wote wawili wamelipita daftari kama hawakuliona.

Mumeo ana haki. Kura ni siri, na siri hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, wenye kamati, wakwe na majirani wa kuwajibu. Kunyamaza kuhusu kura yako si uongo hata kidogo, na binti yako atalielewa hilo siku atakapokuwa na cha kupoteza. Lakini kumpokea mtu mchango wa kampeni ambayo wewe moyoni unaombea ianguke, huo ndio uongo, na unaufanya kila siku. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye majukwaa na kamera: uhazini unauacha. Ukiamua kusema, unauacha. Ukiamua kunyamaza kama mumeo anavyotaka, unauacha vilevile. Kura ni yako, na sauti ni yako. Cheo ulikopeshwa na watu wa tawi kwa kazi maalumu, na kazi hiyo huwezi kuifanya tena.

Sasa nirudi kwenye ule mstari wako, "lakini hilo lilishapita." Lililopita haliji lenyewe mwishoni mwa barua bila kuitwa. Ulisema sababu ni moja, kisha ukanipa ya pili ukiwa umeifunga kwenye karatasi ya kwanza. Sikulaumu. Kushindwa mchujo ndani ya chama chako mwenyewe kunauma kuliko kushindwa na adui, maana waliokunyima kura ni watu unaowajua kwa majina, na baadhi yao ulikuwa unawaandikia stakabadhi.

Nikupe mfano wa mtu mkubwa. Mwaka 2017 nchini Ufaransa, Manuel Valls, ambaye miezi michache nyuma alikuwa waziri mkuu, aligombea mchujo wa Chama cha Kisoshalisti ili awe mgombea urais. Waliogombea wote waliahidi kumuunga mkono atakayeshinda. Mwezi Januari akashinda Benoît Hamon. Mwishoni mwa Machi Valls akatangaza kwamba kura yake ataipeleka kwa Emmanuel Macron, aliyekuwa anagombea nje ya chama hicho, akisema hawezi kuiweka nchi kwenye hatari huku chama cha Marine Le Pen, cha mrengo mkali wa kulia, kikiwa na nguvu ile. Hoja ile haikuwa ya kipuuzi. Lakini wenzake chamani hawakuisikia hoja. Walisikia ahadi iliyovunjwa na mtu aliyeshindwa. Na upande wa Macron? Ulipofika uchaguzi wa wabunge mwezi Juni, hawakumpa tiketi. Hisani yao iliishia kutomwekea mgombea wa kupambana naye. Kumbuka hilo kila unapolisikia lile neno "hatutakusahau".

Kwa hiyo jiulize maswali mawili, ukiwa peke yako, bila mume wala binti. La kwanza: kama ungeshinda ule mchujo, leo ukawa diwani, ungesikia maneno yale ukumbini ukakosa usingizi? La pili: wakati wa mchujo ulitia saini karatasi yoyote ya kuahidi kuwaunga mkono wagombea wa chama? Vyama vingi huidai ahadi hiyo, na watu hutia saini bila kusoma. Jibu la swali la kwanza likiwa "ningelala vizuri tu", basi fuata ushauri wa mumeo, urudishe daftari na unyamaze. Likiwa "nisingelala", endelea kunisoma.

Mimi nadhani usingelala. Lile suala la makofi ndilo linalonifanya nikuamini. Mtu anayelipiza kisasi hasimulii kwamba na yeye alipiga makofi.

Na sababu yenyewe ni nzito. Mgombea kukosea sera ni jambo la kubishania kwenye kamati. Mgombea kusema kabla ya kura kwamba hatakubali kushindwa, na kutaja vijana, ni jambo jingine kabisa, maana hapo ni watoto wa watu wanaotajwa. Hata hivyo nina swali ambalo kamati watakuuliza kabla yangu: miezi mitatu, umelisema hili wapi ndani ya chama? Kwenye barua sioni. Umeruka kutoka kwenye kitanda chako hadi kwenye WhatsApp. Siku ya kupeleka barua ya kuacha uhazini, lisemee mbele ya kamati: nilikuwepo, nilisikia hivi, nataka mgombea alikanushe hadharani au aombe radhi. Huenda wakakucheka. Huenda mmoja akakwambia pembeni kwamba na yeye halali. Na huenda, ingawa siweki matumaini makubwa hapo, mgombea akatoa kauli inayoeleweka, nawe ukawa umelifanyia tawi kazi kubwa kuliko miaka 11 ya hesabu.

Wasipofanya lolote, una haki ya kusema nje. Na hapa nikupe mfano wa mtu aliyelifanya jambo hili vizuri kuliko wengi.

Colin Powell alikuwa jenerali wa Marekani, na alitumikia marais wa chama cha Republican kwa muda mrefu: mshauri wa usalama wa Ronald Reagan, mkuu wa majeshi chini ya George Bush baba, waziri wa mambo ya nje chini ya Bush mwana. Tarehe 19 Oktoba 2008, wiki mbili na siku chache kabla ya uchaguzi, aliketi kwenye mahojiano ya televisheni akasema atampigia kura Barack Obama wa Democratic. Tazama alivyofanya. Kwanza, hakuwa na cheo chochote cha chama wala serikali wakati ule. Hakuna aliyemwambia rudisha funguo. Pili, alimsifu John McCain, mgombea wa chama chake na rafiki yake wa miaka mingi. Hakumtukana. Tatu, alitaja sababu zake waziwazi: mashaka yake juu ya mgombea mwenza, Sarah Palin, na jinsi chama kilivyokuwa kinajifungia. Aliwagusa hata wenzake waliokuwa wanaeneza kwamba Obama ni Mwislamu. Akasema si kweli, kisha akauliza, hata angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Na alipoulizwa kama ni kwa sababu wote ni weusi, hakukwepa. Alijibu kwamba ingekuwa hivyo tu angesema miezi mingi nyuma. Halafu alipoulizwa kama atapanda majukwaani kumpigia debe Obama, akasema hana mpango huo.

Alisema mara moja, akarudi nyumbani. Na aliendelea kujiita Republican miaka mingi baada ya siku ile. Aliacha kujiita hivyo Januari 2021, baada ya watu kuvamia bunge la Marekani.

Sasa mlinganishe na Zell Miller. Huyu alikuwa mwanasiasa wa Democratic kutoka Georgia, gavana kisha seneta, na mwaka 1992 alihutubia mkutano mkuu wa chama chake mjini New York akimnadi Bill Clinton. Mwaka 2004 akasimama katika ukumbi uleule, safari hii kwenye mkutano wa Republican, akamshambulia John Kerry wa chama chake kwa ukali uliowashangaza hata baadhi ya wenyeji wake. Leo ukiwauliza watu alikuwa na hoja gani, wengi hawakumbuki. Wanakumbuka uso wake.

Ndiyo maana nasema jukwaani usipande. Kuvua fulana na kukabidhi kadi mbele ya kamera ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa na watu wengine, na humo wewe umepewa nafasi ya mateka aliyekombolewa. Zaidi ya hapo, unachotaka kusema ni kwamba unabaki kwenye chama chako. Utawezaje kusema hivyo huku unairudisha kadi? Wanaotaka kuhama huhama. Edward Lowassa alitoka CCM mwaka 2015 akaenda Chadema, akagombea urais, na mwaka 2019 akarudi CCM, na kila mtu alielewa kila hatua ni nini. Wewe huhami. Usikubali picha inayosema umehama. Na watu wale wakija mara ya tatu, waambie hivyohivyo, mkiwa na shahidi. Fedha kutotajwa mara mbili hakumaanishi haitatajwa ya tatu, na hata isipotajwa, mtaani watasema ulipewa bahasha.

Swali lako la kubaki mwanachama linanikwamisha, kwa sababu hukusema unaandika kutoka nchi gani, na sheria hazifanani. Marekani alikokuwa Powell mambo ni mepesi: mtu ni wa chama kwa kujiandikisha au kwa kusema tu, hakuna kamati ya kumnyang'anya kadi. Kenya ni tofauti. Chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, mwanachama anayetangaza sera au maslahi ya chama kingine anaweza kuhesabiwa kwamba amejiuzulu chama chake hata kama hajaandika barua, ingawa chama kinatakiwa kumsikiliza kwanza. Na kwa mbunge, uanachama ukienda na kiti kinakwenda. Tanzania nako mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hana kiti tena. Uingereza, Alastair Campbell, aliyekuwa msemaji wa Tony Blair alipokuwa waziri mkuu, alifukuzwa kwenye chama chake cha Labour mwezi Mei 2019 kwa kusema tu kwamba kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya alikuwa amewapigia kura Liberal Democrats, chama kingine. Hakupanda jukwaa lolote.

Kwa hiyo ichukue katiba ya chama chenu, ile ambayo nina hakika iko kwenye kabati moja na daftari, usome sura ya nidhamu. Wakikuita kwenye kikao, nenda. Jieleze. Wakikufukuza, watakuwa wamekufukuza wao. Hiyo si sawa na kukimbia. Wakati mwingine vyama huhesabu faida. Joe Lieberman, ambaye mwaka 2000 alikuwa mgombea mwenza wa Democratic, alishindwa mchujo wa useneta mwaka 2006 (ndiyo, na yeye), akashinda akiwa huru, kisha 2008 akahutubia mkutano mkuu wa Republican kumpigia debe McCain. Baada ya uchaguzi maseneta wa Democratic walikaa kumjadili, na wengi wakaamua abaki mwenyekiti wa kamati ya usalama wa ndani. Walihitaji kura yake bungeni. Usijidanganye, wewe si seneta, lakini mhazini aliyekabidhi hesabu safi si mtu rahisi wa kutupwa.

Kama ni usaliti? Kwangu si usaliti, mradi umelirudisha daftari kabla ya kufungua mdomo. Ukifungua mdomo ukiwa bado unalo, neno hilo litakufaa, na sitaweza kukutetea.

Sasa ule ujumbe. Ufute. Andika mwingine, mfupi, kitu kama hiki: "Mimi ni mwanachama wa chama chetu na nimeacha uhazini tarehe fulani. Wagombea wetu wote nawaunga mkono isipokuwa wa urais. Nilimsikia akisema maneno haya mbele yetu, na mimi nilipiga makofi, najuta. Kwa hiyo urais nitampigia fulani. Miaka miwili iliyopita nilishindwa mchujo na mtu wake wa karibu; mlijue hilo mnapoyapima maneno yangu." Basi. Maneno aliyoyasema yaandike kama yalivyo, usiongeze chumvi hata punje, na usimtaje mwenzako yeyote aliyekuwa ukumbini. Lile la mchujo liseme mwenyewe. Ukilificha watalichimbua, na litatoka likiwa kubwa mara tatu. Mkibishana kwenye kundi, usijibu. Orodha ya wanachama, hesabu za tawi, namba za wachangiaji, hivyo visitoke kwako kwenda upande wa pili hata wakikuomba kwa unyenyekevu gani.

Uwe tayari pia kwa jambo moja ambalo watu wa majukwaa hawakwambii: unaweza kupoteza marafiki na mgombea wako akashindwa. Liz Cheney, mbunge wa Marekani, alinyang'anywa uongozi wake ndani ya Republican mwaka 2021 kwa kumpinga Donald Trump, akapoteza kiti chake kwenye mchujo wa 2022, na Septemba 2024 akatangaza kumuunga mkono Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic. Harris alishindwa. Kama ungejuta kusema endapo yule mgombea ataanguka, basi ulikuwa unacheza kamari, na kamari inachezwa kimya.

Baba. Huyu aambiwe kabla ya kamati, kabla ya kundi, kabla ya mtu yeyote isipokuwa mumeo. Asilisikie kwenye redio yake wala kwa mzee mwenzake. Usiende na hotuba. Muulize kwanza kwa nini walilifungua tawi, wao watu wachache, wakati ule. Kisha nyamaza usikilize jibu lote hata likichukua jioni nzima. Halafu mweleze ulichosikia ukumbini, na usiache yale makofi. Asipokubaliana nawe, usimbembeleze. Kadi iliyoko ukutani ni yake. Usiitaje kabisa.

Makabidhiano yafanye kwa maandishi: fedha taslimu zilizopo, vitabu vya stakabadhi, daftari la benki, funguo. Watie saini watu wawili wa kamati, nawe ubaki na nakala. Barua yako ya kujiuzulu iwe na tarehe inayosomeka, maana kamati nyingi husahau tarehe pale inapozifaa. Na mtu akija kesho asubuhi na mchango mkononi kabla hujakabidhi, mwambie amsubiri mhazini mpya.

Mjomba